Mpishi Hajala

Siku ya Shangazi kupasuliwa, jiko lake liliwashwa kabla ya jua kutoka kama siku nyingine zote. Mafundi wa jengo la ghorofa la barabara kuu hawakuwa na habari na mawe yaliyo kwenye mfuko wa nyongo wa mtu. Wao walitaka chakula cha mchana, na wasingekipata kwake wangevuka tu barabara, ambako kulikuwa na mwanamke mwingine mwenye sufuria kubwa na sauti kubwa zaidi, aliyekuwa akiwapigia jicho tangu msingi wa jengo uchimbwe.

Shangazi hakuwa shangazi wa yeyote kati ya mafundi hao. Ni wao waliompa jina hilo kwa sababu aliwagombeza wakibakiza chakula. Mumewe alikuwa fundi viatu, na mtaa mzima ulimwita Gundi. Asubuhi hiyo Gundi alisimama mlangoni mwa jiko, mikono kiunoni, kama askari wa zamu.

"Hospitali wamesema nini?" aliuliza, na haikuwa mara ya kwanza.

"Nisile, nisinywe."

"Na mimi nimesema nini?"

"Nisishike mwiko."

"Basi kaa."

Shangazi alikaa kwenye kigoda karibu na moto, akajifunika shuka mabegani. Alikuwa amekonda. Weupe wa macho yake ulikuwa umegeuka manjano, na kila alipovuta pumzi ndefu mkono ulikwenda wenyewe kwenye mbavu za kulia. Lakini masikio yalikuwa mazima, na alisikia sufuria ya maharage ikianza kukauka.

"Kitinda! Maji!"

Kitinda alikuwa mtoto wake wa mwisho, msichana aliyemaliza shule na kuapa kwamba maishani mwake angefanya kazi yoyote isipokuwa kupika. Leo ndiye aliyekuwa ameshika mwiko, mara yake ya kwanza kupikia watu wa kulipa, na jasho lilimtoka kama anayefanya mtihani.

"Mama, chumvi imefika?" Alimdondoshea mchuzi kiganjani. Shangazi akaulamba, akafumba macho.

"Bado. Ongeza. Taratibu! Hulishi ng'ombe."

Baadaye ikaja nyama. Shangazi alitafuna kipande, akatikisa kichwa. "Hii bado ina ukaidi. Iache." Ikaletwa tena. "Sasa imekubali." Ikaja punje ya wali, kisha konzi ya wali, kisha maharage kwenye kijiko, maana Kitinda alidai yana ladha ya moshi na mama yake alidai hayana, ikabidi yaamuliwe. Yakaamuliwa mara kadhaa.

Gundi aliyaona yote hayo. Hakuyatia maanani. Alikuwa na shughuli ya kupambana na njaa yake mwenyewe, kwa kuwa alikuwa ameapa kutotia kitu kinywani mpaka mkewe atoke chumba cha upasuaji.

"Si wewe unayepasuliwa," Shangazi alimwambia.

"Kama wewe huli, mimi nile kwa mdomo upi?"

Jirani aliyekubali kupeleka chakula kwa mafundi alipokuja kuchukua sufuria, Shangazi alimpa maelekezo marefu kuliko safari yenyewe. Kisha wakaondoka wote watatu kwenda hospitali, mama katikati, baba na binti wakimshika huku na huku.

Wodini, muuguzi mnene mwenye saa iliyobandikwa kifuani aliwauliza maswali bila kuinua kichwa.

"Umekula leo?"

"Sijala."

"Umekunywa?"

"Hata maji, sista."

"Sista, mimi ni shahidi," Gundi aliongeza kwa fahari. "Hata mimi sijala. Nyumba yetu leo ina matumbo matupu mawili."

Muuguzi hakucheka. Alimpa Shangazi gauni la kijani lililo wazi mgongoni. Kamba zake zilikuwa fupi na zilikuwa zimekatika upande mmoja, na Shangazi, ambaye hata mafundi wenye matusi mdomoni walinyamaza akipita, alisimama ameshikilia nguo nyuma kwa mikono yote miwili, hajui atazame wapi. Gundi alimzunguka kimya kimya, akazifunga zile kamba kwa fundo la viatu vya kazi, lile lisilofunguka.

"Hapo hata upepo hauingii," alimnong'oneza.

Walikuwa wamelisubiri jambo hili kwa muda. Daktari mpasuaji hakuwa wa hospitali hiyo, alikuja siku chache tu katika mwezi. Mara ya kwanza zamu ya Shangazi ilipofika umeme ulikatika. Mara ya pili daktari aliitwa kwingine njiani. Kila waliporudi nyumbani maumivu yalikuja na nguvu mpya, na safari ya mwisho ndipo macho yalipoanza kubadilika rangi. Walikwisha kuambiwa kwamba huu si ugonjwa wa kuusukuma mbele tena na tena. Kwa hiyo kitanda cha magurudumu kilipokuja kumchukua, Kitinda alimbusu mama yake kwenye paji la uso, na Gundi alikisindikiza kile kitanda kwa macho mpaka mlango ulipojifunga.

Chumba cha kungojea upasuaji kilikuwa kidogo, kina baridi, kina vitanda vilivyotenganishwa kwa mapazia. Aliyempokea Shangazi alikuwa daktari wa usingizi, mwanamke kijana, mrefu, mwenye miwani iliyoteleza puani. Alisukuma kimashine chenye kioo, kidogo kuliko cherehani.

"Shikamoo, mama. Mimi ndiye nitakayekulaza na kukuamsha."

"Marahaba, mwanangu. Ukinilaza usisahau la pili."

Daktari akacheka. "Silisahau. Kwanza naomba niliangalie tumbo lako kwa ultrasaundi. Ni kile kipimo wanachopimwa wajawazito."

"Mimi? Kwa umri huu?"

"Simtafuti mtoto. Natafuta chakula. Kila anayepita mikononi mwangu namwangalia, hata aliyeniapia. Watu husahau."

Alimpaka mafuta mazito ya baridi kwenye chembe cha moyo, akakandamiza pale kichwa cha kile kifaa. Akakisogeza kidogo. Akamwomba alalie ubavu wa kulia, akatazama tena. Tabasamu likamwondoka polepole.

"Mama, umekula nini leo?"

"Sijala, dokta."

"Jana usiku?"

"Uji mwepesi, mapema. Baada ya hapo sijala."

"Tumbo lina chakula. Na si maji maji, ni vitu vya kutafunwa."

Muuguzi mwenye saa kifuani alikuwa ameshika faili hapo pembeni. Alilishusha kwa kishindo. "Hivi kwa nini mnatudanganya? Tunawauliza kwa faida ya nani? Mtu anakuja hapa, anaapa, kumbe kashiba!" Hakunong'ona. Nyuma ya mapazia wagonjwa wengine waliacha kukohoa ili wasikie vizuri.

"Haki ya Mungu sijala," Shangazi alisema, na machozi yakamtoka. Alikuwa amelala ubavu, mafuta tumboni, gauni wazi, na sasa ni mwongo pia.

Mpasuaji alichungulia mlangoni, kofia ya kijani kichwani. "Vipi, tuko tayari?"

"Kala," alisema muuguzi.

"Basi arudi nyumbani, aingie anayefuata." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu mwenye watu wengi wa kuwatibu na mchana mfupi.

Muuguzi akatoka nje kwenye benchi. "Mzee, mkeo hapasuliwi. Kala."

Gundi alisimama, akakaa, akasimama tena. Watu wote wa benchi walimtazama. Alimgeukia Kitinda. "Nani kampa?"

"Sikumpa kitu, baba!"

"Mimi tangu jana jioni sijatia hata chai mdomoni kwa ajili yake! Nimemwona jirani anakunywa uji, nikageuza shingo! Kumbe mwenzangu anakula kwa siri?"

"Baba, tulikuwa naye wote. Kala saa ngapi?"

Swali hilo lilizidi kumchoma Gundi. Alimfuata muuguzi mpaka mlangoni, Kitinda nyuma yake, wakasimama pale pasiporuhusiwa. Daktari wa usingizi aliwaona. Hakuwafukuza. Alikuwa amevuta kiti na kukaa usawa wa uso wa Shangazi, amemfunika shuka vizuri, anampa kitambaa cha kujifutia.

"Mama, mimi sijasema umedanganya. Nimesema tumbo lina chakula. Hayo ni mambo mawili. Hebu niambie, unafanya kazi gani?"

"Napika. Nawauzia mafundi wa ujenzi."

"Na leo mmepika?"

"Binti yangu ndiye kapika. Mume wangu kanikataza kushika mwiko."

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Nimekaa hapo hapo. Namwelekeza."

"Na nani aliyekuwa anaonja?"

Mlangoni, Kitinda alishika mkono wa baba yake.

"Mimi," Shangazi alisema.

"Ulionja nini?"

"Mchuzi. Na nyama, ilikuwa haijaiva. Na wali. Na maharage, alisema yananuka moshi." Akajisikiliza. "Lakini dokta, kuonja ni kazi. Mpishi akianza kuhesabu kuonja kuwa ni kula, mchana atakaa vipi kula na watoto wake?"

"Ee Mola wangu," alisema Gundi. "Na mimi nilisimama pale pale, nimetumbua macho kama bundi!"

Nyuma ya pazia la mwisho mtu alicheka, akafuatiwa na mwingine. Hata muuguzi aligeuka ukutani, mabega yakamtikisika. Daktari wa usingizi alicheka pia, kidogo, kisha akavua miwani na kuifuta.

"Nikikupa dawa ya usingizi," alimwambia taratibu, "koo lako linalegea. Halijui tena kujifunga. Chakula kikipanda hakikutani na mlinzi, kinateremkia kwenye mapafu, na wewe umelala, huwezi hata kukohoa. Wapo ambao hawakuamka kwa sababu hiyo, mama. Walikuwa watu wakweli kama wewe."

Hakuna aliyecheka tena.

Daktari akamwendea mpasuaji. Walizungumza kwa sauti ya chini, lakini chumba kilikuwa kidogo na kila mtu alisikia.

"Mweke wa mwisho. Nitampima tena. Likiwa tupu tunaendelea."

"Na lisipokuwa tupu? Ugonjwa na woga hulichelewesha tumbo, unajua."

"Najua. Ingekuwa kufa na kupona ningetumia njia nyingine, kwa hatari yake. Lakini saa chache tunazo. Lisipokuwa tupu atarudi nyumbani, na mimi mwenyewe ndiye nitakayemwambia."

Mpasuaji alitazama saa ya ukutani. Halafu akamsogelea Shangazi, akamvuta chini kope la jicho, akaona ile manjano. Alikuwa na safari ndefu ya kurudi kwake jioni hiyo.

"Nitangoja," alisema.

Kwenye benchi, Kitinda alilia mpaka leso ikalowa.

"Ningemuua mama kwa chumvi, baba."

"Tungemuua sote. Wewe ulikuwa unampa, mimi nilikuwa mlinzi." Gundi alimvuta begani. "Nyamaza. Hajafa. Yupo mle ndani, na nina hakika anamuuliza mtu hospitali hii wanapikaje wali."

"Nenda basi ukale. Njaa yako haimsaidii."

"Nimeapa."

"Umemwapia nani?"

"Tumbo langu."

"Nalo limekubali?"

"Linalalamika, lakini halina pa kwenda."

Kitinda alicheka katikati ya machozi. Baadaye jirani alipiga simu. Alikuwa amefikisha chakula, mafundi wamekula, na sufuria zimerudi hazina hata ukoko. Msimamizi wao alikuwa ameuliza kama Shangazi amebadilisha maharage, maana leo yalikuwa na kaladha fulani ka moshi, kazuri. Kitinda aliikata simu akakaa akiitazama.

"Nilimwambia yana moshi," alisema.

Muuguzi alipita, akarudi, akasimama mbele yao. Saa yake kifuani ilipanda na kushuka.

"Baba, asubuhi nilisema vibaya. Mbele ya watu."

"Hata mimi nilimwita mwongo, sista. Sema mimi nilimwita nyuma ya mgongo wake."

"Hapana, sikiliza." Alikaa kwenye ncha ya benchi. "Kabla hatujapata kile kimashine, tulikuwa tunauliza tu. Kijana mmoja aliniambia hajala. Nikaandika hajala. Alikuwa amekunywa uji, mama yake alimwonea huruma. Tangu siku ile nikisikia mtu ametudanganya huwa naona giza. Lakini hasira ile haikuwa ya mkeo."

Gundi alimsogelea kwenye benchi. Alimpigapiga mgongo wa mkono, kama anavyompiga mteja aliyekuja na kiatu kisichofaa kushonwa tena.

Shangazi alikuwa na kiu. Midomo ilimkauka, na kila kitanda kilipopita mbele yake kikienda na kurudi, alihesabu kuwa siku yake inapungua. Hakuogopa kisu tena. Aliogopa kurudi nyumbani, kukaa tena kando ya moto akingoja maumivu yaje, huku mumewe akijifanya hasikii anavyogugumia gizani.

Mchana ukaegemea jioni. Daktari wa usingizi alikuja na kile kimashine, amechoka, nywele zimemtoka kwenye kofia.

"Haya, mama. Tuombe."

Mafuta ya baridi. Chembe cha moyo. Ubavu wa kulia. Shangazi alifumba macho, akasikia mkono ule mwepesi ukitafuta, ukisimama, ukitafuta tena. Ukimya ulikuwa mrefu hata akadhani amejua jibu.

"Fungua macho utazame."

Kiooni palikuwa na kijivu na cheusi, na katikati kiduara kidogo kilichojikunyata.

"Asubuhi hapa palikuwa pamejaa punje punje, kama zege. Sasa umeliona? Limejikunja. Halina kitu."

"Hilo ndilo tumbo langu?" Shangazi aliinua kichwa. "Hako kadogo? Ndiko kananipigia kelele kila siku?"

"Ndiko hako."

Shangazi akacheka, kicheko kikamuuma mbavuni, akaendelea kucheka huku analia. Alimkamata daktari mkono uliojaa mafuta. "Mwanangu, asubuhi ungeweza kuniamini. Nilikuapia. Ungeniamini, nisingekuwepo."

"Nilikuamini, mama. Niliangalia hata hivyo."

Walimwingiza. Taa zilikuwa nyingi na nyeupe. Mpasuaji alimsalimia kwa jina lake la hospitalini, muuguzi alimfunika miguu aliposema inapata baridi, na daktari wa usingizi alikaa kichwani pake, akamwambia afikirie sufuria anayoipenda kuliko zote. Shangazi alitaka kumwambia ni ile ya maharage, ile yenye mpini uliochomelewa, lakini neno halikufika mdomoni.

Jua lilikuwa linaingia kwenye korido kwa upande pale mpasuaji alipotoka na kichupa. Ndani mlikuwa na mawe madogo ya kahawia.

"Amekwisha amka," alisema. "Swali lake la kwanza lilikuwa kama mumewe ameshakula."

Gundi alipokea kile kichupa kwa mikono miwili, akakitazama, akakirudisha, akaketi chini sakafuni kama mtu aliyekatwa kamba. Kitinda alimwendea mbio. Hakuwa amezimia. Alikuwa analia tu, na aliona kulia kunahitaji nafasi.

Daktari wa usingizi alipotoka, Gundi alijipangusa, akamsimamisha njiani. Alitaka kumshukuru kwa maneno makubwa. Asubuhi angeyapata bila shida, lakini sasa yalikuwa yamemkimbia. Macho yake yakashuka chini, yakaenda yalikozoea kwenda.

"Dokta, soli ya kushoto imeachia."

"Najua. Tangu wiki iliyopita."

"Nivulie."

"Mzee, hapana, nenda ukamwone mkeo."

"Ameambiwa apumzike. Nivulie, tafadhali. Usininyime hili."

Alikuwa na sindano na uzi mfukoni, kama siku zote. Daktari wa usingizi alikaa kwenye benchi na soksi mguu mmoja, na Kitinda, bila kuuliza, akamletea chai ya kantini, akamletea na baba yake. Gundi alishona kwa mishono midogo iliyobana, akikata uzi kwa meno, na kati ya mshono na mshono akanywa chai yake ya kwanza ya siku hiyo. Watu walipita wakitazama. Hakuna kati yao watatu aliyeona haya.

Asubuhi iliyofuata Shangazi aliamka akiwa mnyonge, ameshonwa, amekatazwa kucheka. Kitanda cha pili kilikuwa kimepata mgeni, mama kijana mwenye uvimbe shingoni, amevaa lile gauni la kijani, anayepasuliwa siku hiyo. Muuguzi mwenye saa kifuani alikuwa amesimama mbele yake na faili.

"Umekula?"

"Sijala, sista."

Muuguzi alianza kuandika. Kalamu ikasimama. Akavuta kiti, akaketi, akaliweka faili mapajani likiwa limefungwa.

"Hebu nisimulie asubuhi yako, dada. Tangu ulipofungua macho."

Mama kijana alishangaa, lakini akasimulia. Ameamka. Ameoga. Amemfunga mtoto mgongoni, amekoroga uji wa mtoto, ameupoza, amemlisha, mtoto akagoma, akambembeleza, kijiko kwake, kijiko kwa mtoto, ili aone kuwa mama naye anakula, maana bila hivyo huwa hafungui mdomo. Kisha akampa bibi yake, kisha akapanda...

Mkono ulimwendea mdomoni.

Muuguzi hakupandisha sauti. "Vijiko vingi?"

"Sikuhesabu. Sikuona kama ni kula, sista. Nilikuwa namlisha mtoto."

"Ahsante kwa kuniambia. Ngoja nimwite daktari aje na mashine yake." Akainuka, akamrekebishia shuka mabegani, akaenda.

Mama kijana alibaki ameketi ukingoni mwa kitanda, machozi yamejaa. Alitazama huku na huku akitafuta mtu wa kumuuliza, akamwona Shangazi.

"Mama, watanifukuza?"

Shangazi alinyoosha mkono kati ya vitanda viwili, kidonda kikamvuta, akaunyoosha hivyo hivyo mpaka ukamfikia.

"Hawakufukuzi, mwanangu," alisema. "Watakungoja. Mimi waliningoja."